Shukrani ya Mezani na Asili Yake

Neno kushukuru katika Kiswahili lina maana mbili, nazo kwa mtazamo wa kwanza hazifanani. Ya kwanza ni ile tuwafundishayo watoto: mtu amepewa kitu, naye amshukuru aliyempa. Lakini watu wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa maana nyingine pia. Mtu aliyefiwa, matanga yakiisha kuondolewa, huambiwa, "Mshukuru Mungu," yaani, tulia, upoe moyo, ukubali yaliyokuwa. Mgeni asikiaye hayo hustaajabu: huyu ametoka kuzika, ashukuru nini? Asili ya neno ni Kiarabu, kama ilivyo asante, ambayo kwanza ilikuwa ni kumwambia mtu, "Umefanya vema." Basi twataka kutazama habari za desturi moja ndogo ya Wakristo, sala ya kushukuru mezani, kwa maana katika historia yake maana hizo mbili zimekutana.

Desturi hii haikuanza katika karamu za matajiri. Katika Yohana mlango wa 6, mikate ile mitano ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, kwa kuwa mwenye ngano hali shayiri. Bwana aliishika akashukuru. Tena mbele kidogo, katika sura iyo hiyo, Yohana ataka kutaja mahali pale; wala hapaiti mahali pa muujiza, bali mahali walipokula mkate Bwana alipokwisha kushukuru. Neno la Kiyunani hapo ndilo lile ambalo Kanisa limepata kwalo jina la Ekaristi. Ndugu waalimu na waangalie: sakramenti iliyo kubwa imepewa jina kwa tendo la kila siku la mtu ashikaye mkate wake.

Na katika Matendo mlango wa 27 tendo lilo hilo lafanywa na Paulo merikebuni, kati ya watu 276, ambao kwa siku 14 hawakula kitu kwa hofu ya tufani. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula, nao wakachangamka. Kulipopambazuka merikebu ikavunjika. Kila mtu aliokoka, lakini shukrani ilitangulia wokovu huo.

Hapa sina budi kusema neno juu ya kubariki. Katika Marko mlango wa 8 Bwana ashukuru kwa mikate, kisha abariki kwa samaki, na wanafunzi wengi hudhani kwamba ni kazi mbili. Lakini Myahudi akaapo mezani hambarikii mtu chakula chake. Amhimidi Mungu aliyekitoa. Kwa hiyo maneno hayo mawili yakaribiana sana. Kwetu yametengana. Mara nyingi twasikia, "Bwana, ukibariki chakula hiki," na vijiko vyaanza kulia papo hapo. Kuomba baraka si vibaya, lakini ombi limekula mahali pa asante, na mtoto hukua akidhani kwamba sala ile ni dawa ya kusafisha chakula.

Wayahudi walizidi kuipanua desturi hii. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yafunza himidi mbalimbali: ya matunda ya mti mbali, ya mazao ya ardhi mbali, ya mkate mbali, ya divai mbali. Talmudi yaongeza himidi za asubuhi: mtu asikiapo jogoo akiwika, afumbuapo macho, afungapo mshipi, avaapo viatu. Na kwa jina la Rabi Meir, wa karne ya 2, imepokewa kwamba imempasa mtu kumhimidi Mungu mara mia kila siku. Kwa hesabu kama hiyo, yeye ngojaye mambo makubwa ndipo ashukuru hatafika hata kumi.

Katika Afrika, Tertullian wa Karthago aliwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi katika kitabu chake cha mwaka 197. Alieleza kwamba Wakristo hawaketi karamuni kabla ya kuonja kwanza sala kwa Mungu, na karamu huisha kwa sala vilevile. Aliyaleta hayo kama ushahidi, kwa maana watu walikuwa wakiwasingizia Wakristo mambo ya kutisha katika chakula chao.

Twaruka karne nyingi. Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, alitia ndani yake sala ya kabla ya chakula na ya baada ya chakula, akaagiza watoto na watumishi waende mezani kwa mikono iliyokunjwa. Tena, akieleza sehemu ya kwanza ya Imani, alihesabu vipawa vya Mungu kimoja kimoja: nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba na shamba. Viatu tena!

Mmoja wa waliolelewa katika mafundisho hayo ni Martin Rinkart, aliyezaliwa mwaka 1586 katika mji wa Eilenburg, karibu na Leipzig, akawa kasisi mjini kwao tangu mwaka 1617. Mwaka uliofuata vilianza vita vya miaka thelathini. Mji ulikuwa na ukuta, basi wakimbizi wakajazana ndani, na mwaka 1637 tauni ikaingia. Makasisi wenzake wakafa au wakaondoka. Rinkart akabaki peke yake kuzika. Alizika watu zaidi ya 4,000, na mwezi wa Mei alimzika mke wake mwenyewe. Baada ya tauni ikaja njaa.

Huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ambao Walutheri huuimba katika sikukuu kubwa, Nun danket alle Gott. Wengi husimulia kwamba aliutunga kwa furaha ya amani ya mwaka 1648. Haiwezekani, kwa kuwa Johann Crüger alikwisha kuupiga chapa, pamoja na sauti yake, mwaka 1647. Kitabu cha Rinkart chenye wimbo huo kilitoka mara ya kwanza mwaka 1636, kabla ya tauni, na katika chapa ya 1663 wimbo una kichwa kisemacho Tisch-Gebetlein, yaani sala ndogo ya mezani. Basi haukuwa wimbo wa ushindi. Ulikuwa maneno ya kusema watu wakiisha kula, nayo yalikuwa yamekwisha kuzoelewa kinywani mwake tauni ilipobisha mlango. Mswahili wa zamani angemwelewa bila kufasiriwa: mtu yule alishukuru kwa maana zote mbili.

Rinkart alisoma Leipzig, naye alikufa Desemba 1649. Kutoka mji uo huo wa Leipzig walitumwa wamisionari waliofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Waliwakuta Wachaga wana neno lao la asante, aika, wala hawakuwa na haja ya kuwaazimisha la kigeni. Hata leo kuna Wachaga waitwao Aikaruwa, Asante Mungu: jina ambalo mama hulitaja mara nyingi kwa siku, amwitapo mtoto aje kula.