Fundi Asiyejumlishwa: Uhasibu na Rasilimali Watu Katika Kampuni Ndogo za Ukarabati wa Nyumba

Katika kampuni nyingi ndogo zinazokarabati nyumba za watu Dar es Salaam, hesabu na watu hukaa kwenye meza moja. Anayeandaa hati za malipo, kufuatilia risiti za EFD na kupeleka ritani TRA ndiye huyohuyo anayetunza mafaili ya wafanyakazi, kupokea malalamiko na, ikibidi, kuandika barua ya kumwachisha mtu kazi. Cheo chake kinasomeka meneja wa uhasibu na rasilimali watu. Makala haya yanadai kwamba tatizo la kiti hiki si lile linalotajwa kila siku kwenye vitabu vya ukaguzi. Tatizo ni kwamba swali la kihasibu hutangulia kuulizwa, na likishajibiwa, swali la ajira huwa limekwisha kuamuliwa bila mtu yeyote kuliuliza.

Hoja ya wakaguzi tuitazame kwanza, maana ina uzito wake. Kanuni ya kutenganisha majukumu inasema anayeingiza majina kwenye orodha ya mishahara asiwe ndiye anayelipa. Tanzania haihitaji kufundishwa sababu yake: mwaka 2016 uhakiki wa watumishi wa umma ulifichua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Lakini ugonjwa huo ni wa taasisi kubwa, ambako anayelipa hamjui anayelipwa. Katika kampuni ya ukarabati yenye watu kumi au ishirini, mwenye kampuni anawajua mafundi wake kwa majina, kwa simu, pengine hata kwa madeni yao. Ni vigumu kumpenyeza fundi wa kubuni. Kinachotokea mara kwa mara ni kinyume chake. Mfanyakazi hewa yupo daftarini na hayupo kazini. Fundi wa ukarabati yupo kazini, tena kila siku, lakini hayupo daftarini. Udhibiti wa ndani uliobuniwa kumnasa wa kwanza haumwoni wa pili, na mkaguzi anaweza kutoa hati safi huku nusu ya nguvu kazi ya kampuni ikiwa haina faili.

Ili kuelewa inavyotokea hivyo, inabidi kutazama jinsi kazi yenyewe inavyopangwa. Ukarabati si ujenzi wa jengo moja kwa mwaka mzima. Ni vipande vifupi: jiko la Mikocheni wiki tatu, bafu mbili za Sinza wiki mbili, paa linalovuja Tegeta siku sita. Mteja hupewa makadirio yenye safu mbili, vifaa na ufundi, na wengi hupendelea kununua vifaa wenyewe kwa kuhofia kupigwa. Mapato ya kampuni kwa hiyo hutegemea ufundi, na hapo ndipo mteja hubana. Mhasibu, kwa kufuata taaluma yake, hufungua karatasi ya gharama kwa kila kazi. Humo huingia saruji, marumaru, jipsamu, nauli ya kirikuu, mchanga ulionunuliwa bila risiti, pamoja na malipo ya fundi na saidia fundi, yakiwa yametumwa kwa simu kila Jumamosi. Kazi ikiisha, karatasi inafungwa na faida inajulikana.

Mbinu hii ya kukokotoa gharama kwa kila kazi ni sahihi, na kampuni isiyoifuata haiwezi kujua ni kazi gani inayoila. Hata hivyo inamfanyia fundi jambo moja: inamkatakata. Tumchukue fundi marumaru wa kubuni ambaye mwezi huu amefanya siku sita Mikocheni, tano Sinza na nne Tegeta. Anaonekana kwenye karatasi tatu, kila mahali akiwa ni gharama ndogo, ya muda, iliyokwisha. Hakuna ukurasa unaomjumlisha. Ungekuwapo, ungeonyesha siku 15, na kwa saa tisa kwa siku, saa 135.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wake umeandikwaje, iwapo dalili hata moja kati ya zilizotajwa ipo. Miongoni mwa dalili hizo ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa, kumtegemea mwingine kiuchumi, kupewa zana za kazi, na kuwa amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano tu za saa tisa. Fundi wetu amezivuka mara tatu, na bado kampuni inaapa kwamba yeye ni kibarua.

Mara nyingi husemwa kwamba kampuni hizi zinakwepa ajira ya kudumu, na kwamba hazina namna, kwa sababu kazi za ukarabati huja na kuondoka kama mvua za vuli. Utetezi huu haukidhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, unaoanza na kuisha na kazi iliyotajwa. Sioni mkataba unaoufaa ukarabati kuliko huo. Fundi anaweza kuajiriwa kwa jiko la Mikocheni, likakamilika, akaajiriwa upya kwa bafu za Sinza. Swali gumu huja tu pale mikataba hiyo inapofuatana mwaka mzima bila pengo, na hilo ni swali ambalo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina uwezo wa kulitatua. Kinachokwepwa basi si ajira ya kudumu. Ni ajira yoyote ile, na sababu yake iko kwenye hesabu.

Tuchukue viwango vya mwaka wa fedha 2023/24. Fundi wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi anamgharimu mwajiri shilingi 60,000 za NSSF, ambazo ni asilimia 10, na shilingi 3,000 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5. Hayo yanabebeka. Tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, SDL, ilikuwa asilimia 3.5 ya mishahara yote, lakini kwa mwajiri mwenye waajiriwa 10 au zaidi. Kampuni yenye waajiriwa tisa wa mshahara huo hailipi hata senti. Akiandikishwa wa kumi, jumla ya mishahara inafika shilingi 6,000,000 na tozo inakuwa shilingi 210,000 kila mwezi. Kwa jicho la rasilimali watu, mtu wa kumi ni fundi mmoja kama wenzake na SDL yake ni shilingi 21,000. Kwa jicho la mhasibu, mtu huyu mmoja ameleta tozo ya wote kumi.

Hapa ndipo ninapomhurumia meneja wetu. Mhasibu mwenye meza yake angetoa ushauri wake wa kodi, ofisa rasilimali watu angemkumbusha kifungu cha 61, na mwenye kampuni angelazimika kusikia sauti mbili kabla ya kuamua. Kwenye kiti kimoja mabishano hayo yanafanyika kimyakimya ndani ya kichwa cha mtu mmoja, naye ana kila sababu ya kuupa ushindi upande wenye tarehe za mwisho. Ritani ina tarehe. Ikichelewa kuna adhabu, na adhabu hiyo itaonekana mwezi huohuo. Daftari la fundi asiyeandikishwa halina tarehe mpaka siku atakapolalamika au kuumia. Taaluma nazo hazilingani: mhasibu ana Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya 1972, yenye mitihani na uwezo wa kumwadhibu. Kazi za upande wa pili wa kiti hicho kwa kawaida amejifunzia kazini.

Kuna mgongano mwingine, wa kinadharia zaidi, ambao haujadiliwi sana katika maandiko yetu ya Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Rensis Likert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walishirikiana na kampuni ya R. G. Barry ya Columbus, Ohio, kujaribu kuingiza thamani ya wafanyakazi katika taarifa za fedha. Jaribio hilo halikuota mizizi katika uhasibu wa kawaida, na kiwango cha kimataifa cha IAS 38 kinaeleza sababu kuu: kampuni kwa kawaida haina udhibiti wa kutosha juu ya manufaa yatakayoletwa na ujuzi wa watu wake, kwa hiyo ujuzi huo hauwezi kuandikwa kuwa mali. Fundi anaweza kuondoka kesho na mikono yake. Sasa tukirudi kwenye kifungu cha 61, dalili ya kwanza ya kumfanya mtu mwajiriwa ni kwamba kazi yake iko chini ya udhibiti au maelekezo ya mwingine. Meneja mmoja anatakiwa kuamini mambo mawili juu ya fundi huyohuyo: kwamba kampuni haimdhibiti, ndiyo maana si mali, na kwamba inamdhibiti, ndiyo maana ni mwajiriwa. Kimantiki hakuna ukinzani, kwa kuwa uhasibu unazungumzia kesho na sheria inazungumzia leo. Kivitendo, kauli ya kwanza ikizoeleka humfundisha mtu kumwona fundi kama kitu kinachopita, na kitu kinachopita hakifunguliwi faili.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi wenyewe. Wengi hawataki kukatwa. Kwa mshahara ule wa shilingi 600,000, NSSF humkata fundi shilingi 60,000, na kodi ya PAYE juu ya 540,000 zilizobaki ni shilingi 24,000. Anaondoka na 516,000. Mwambie fundi mwenye watoto shuleni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ya shilingi 84,000 ni kwa faida yake ya uzeeni, usikie atakavyokujibu. Silichukulii jibu hilo kuwa ujinga. Mtu asiye na uhakika wa kazi ya mwezi ujao ana haki ya kuipenda leo. Lakini hiari ya fundi haitoshi kuipa kampuni kinga, kwa sababu dhana ya kifungu cha 61 haisubiri ridhaa yake. Na kuna siku ambayo mapenzi yake hubadilika mara moja: siku anapoteleza kwenye jukwaa akipaka rangi ghorofani. Fidia ya kazini huhesabiwa kutokana na mshahara. Asiye na rekodi ya mshahara ataanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa akifanya kazi.

Kenya imeushughulikia upande mmoja wa jambo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinambadilisha kibarua kuwa mwajiriwa wa mkataba wa muda endapo amefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au endapo kazi yenyewe haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2012 nchi hiyo ilitunga pia sheria ya wataalamu wa rasilimali watu, na hivyo kuwapa taaluma yenye chombo chake. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinasaidia zaidi kuliko sheria hiyo ya wataalamu. Kampuni ya watu tisa haitaajiri mtaalamu wa pili kwa sababu tu ana cheti.

Nisichopendekeza, kwa hiyo, ni kukipasua kiti. Ninachopendekeza ni kubadili mpangilio wa nyaraka. Daftari la mahudhurio litunzwe kwa jina la mtu, si kwa jina la kazi, na karatasi za gharama zichotwe humo. Fomeni aandike nani alikuwa wapi kwa saa ngapi; mwisho wa mwezi daftari lijumlishwe kwa safu, na mwisho wa miezi mitatu wastani utolewe. Programu za bei nafuu za uhasibu zinaweza kufanya hivyo, na hata jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Daftari hilo litawatenga pia mafundi ambao kweli wanajitegemea: fundi umeme anayekuja na zana zake, anayehudumia kampuni nne na kupanga siku zake mwenyewe. Huyo alipwe kama mtoa huduma, akatwe kodi ya zuio ya asilimia 5, na kama anataka kujiwekea akiba NSSF ina mpango wa hiari kwa waliojiajiri.

Gharama itakayojitokeza haiwezi kubebwa baada ya bei kukubaliwa. Kwa viwango vile vya 2023/24, mwajiri wa fundi wetu, tukijumlisha NSSF, fidia na SDL, anaongeza asilimia 14 juu ya mshahara. Katika kazi ya shilingi 10,000,000 ambayo ufundi ni shilingi 4,000,000, hata tukichukulia ufundi wote ni mishahara, nyongeza ni shilingi 560,000, chini ya asilimia 6 ya bei nzima. Fundi wa mtaani atashusha bei chini ya hapo, bila shaka, na baadhi ya wateja watamfuata. Lakini kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi inauza kitu ambacho yule wa mtaani hana, na mteja aliyewahi kubomolewa bafu na kukimbiwa anaijua thamani yake. Sharti ni kwamba nyongeza hiyo iwe imo kwenye makadirio tangu mwanzo. Kwa sasa makadirio huandaliwa na mwenye kampuni pamoja na fomeni, pengine kwenye simu wakiwa njiani kutoka kwa mteja, na meneja wa uhasibu na rasilimali watu huyaona yakiwa yamekwisha kusainiwa.