Sheria, Simu na Wimbo wa Manju

Mhariri ameniomba niandike juu ya uwakili wa hakimiliki na mawasiliano ya simu, maana vijana wa kidato cha nne wameuliza ni kazi gani hiyo. Mimi si wakili, ni mtumishi wa Serikali tu. Lakini nimeitazama kazi hiyo kwa karibu, na historia yake imepita hapa hapa Bariadi.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ulizaliwa mwaka 2012), tunakumbuka kuwa simu ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Huduma zote zilikuwa zimeshikwa na shirika moja la umma, la Posta na Simu. Sheria ya mwaka 1993 ililigawa na kuunda Tume ya Mawasiliano; mwaka 2003 ikatungwa sheria ya TCRA. Palipokuwa na mwenye mali mmoja pakawa na kampuni nyingi, na kampuni nyingi hazikosi kugombana: leseni, masafa, minara. Hapo mawakili wakapata shamba jipya.

Hakimiliki nayo ilikuwa na njia yake. Sheria ya mwaka 1966 ilifutwa na ile ya mwaka 1999, ambayo inalinda hata sanaa za jadi. Sheria hizi mbili, ya simu na ya hakimiliki, ziliishi kama majirani wasiosalimiana, mpaka simu ilipoanza kuimba.

Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kesi ya wanamuziki AY na Mwana FA dhidi ya kampuni ya simu iliyojulikana wakati huo kwa jina la Tigo. Walilalamika kwamba nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zilitumika bila ridhaa yao kama miito, yaani wimbo anaousikia mpigaji akingoja kupokelewa. Mahakama iliwapa zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ilikata rufaa, kesi ikapanda mahakama za juu. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba wimbo ulihesabiwa mahakamani kama mali, sawa na marobota ya pamba.

Baada ya habari hiyo, manju mmoja mzee wa upande wa Bagalu alinijia ofisini. Wimbo aliowashindia Bagika zamani aliusikia katika simu ya mjukuu wake. Nikampeleka kwa mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja, sasa wakili wa mambo hayo, aliyekuwa likizo nyumbani. Ndugu zangu, nilidhani kesi imekwisha! Wakili alieleza kuwa sheria haidai wimbo uandikishwe ndipo ulindwe. Lakini anayedai ni wake hana budi kuthibitisha.

"Babu, uliutunga lini?"

"Mwaka ule pamba ilipochelewa kulipwa."

Miaka ya namna hiyo, wote tunajua, si mmoja. Wakili aliandika vivyo hivyo bila kucheka, kisha akaomba majina ya watu watatu walioucheza wimbo ule siku ya kwanza. Mzee alihesabu kwa vidole. Wawili walikwisha kufa, na wa tatu alihamia Geita.

Wakili alikata tiketi ya basi la Geita kesho yake.