Moto ya Mapigo Mawili katika Njia ya Nyabiondo

Katika vijitabu vya mila tunaandika sana juu ya ngoma, ndoa na kazi za shamba. Leo naomba nafasi ya kuandika juu ya chuma. Vijana wetu wa Bajaj na TVS wakiona Yamaha AG100 ya zamani imelala nyuma ya nyumba, wanacheka: eti ile moto ni moshi tupu. Moshi, ni kweli. Lakini uko na sababu, na sababu ile ndiyo iliifanya ifae njia yetu.

Ukoo wake ni mrefu. Mwisho wa miaka ya 1930 kampuni DKW ya Ujerumani ilitengeneza RT 125, moto nyepesi ya mapigo mawili. Ujerumani iliposhindwa vita katika 1945, Waingereza, Waamerika na Warusi walichukua ramani zake, kila mmoja akaunda ya kwake. Yamaha nayo ilianza katika 1955 na YA-1, iliyofuata mfano uleule. AG100 ilikuja katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafugaji wa Australia na Nyuzilandi. Si ajabu basi ilizoea Masisi, inchi ya ng'ombe na malisho!

Silindri ni moja tu, ya 97 cc, inapozwa na upepo. Vitesi tano, freni za ngoma mbele na nyuma. Shenu imefungiwa ndani ya sanduku, matope hayaifikii; aliyepita Sake na Masisi kuja Nyabiondo wakati wa mvua anajua faida yake. Miguu ya kusimamia iko pande zote mbili, ili uisimamishe popote kwenye mteremko. Tena kuna kishikizo cha kufunga ambreyaji, mtu ashuke kufungua lango la malisho bila kuzima moteri.

Katika mapigo mawili pistoni inapata mlipuko kila mzunguko, si mmoja kwa mizunguko miwili kama TVS. Ndiyo maana ile 97 cc ilipanda mlima na sanduku la chanjo nyuma. Misheni, mashirika na zone za afya waliinunua sana. Chini ya moteri hamna mafuta ya kupaka pistoni: yanaingia pamoja na esansi, yanaungua nayo. Moshi ni huo.

Yamaha iliweka pompi ndogo ya kupima mafuta. Ilipoharibika, fundi wengi waliitoa, wakachanganya kwa mkono: nusu lita ya mafuta katika lita 10 za esansi. Mimi siwalaumu, vipuri vilikuwa mbali. Lakini kipimo kile kilitaka akili. Mafuta kidogo, pistoni inakwama. Mengi, makaa yanaziba eshapema.

Desemba 2004 vita ilitawanya watu wa Nyabiondo, nyumba zikaporwa. Kwa hiyo habari za mashine hizi tusizitafute katika karatasi. Ziko katika mikono ya fundi wazee, na wao wanapungua. Kijana mmoja angekaa tu karibu nao siku ile wanapofungua silindri, aone namna wanavyokwangua makaa kwa kipande cha mti mgumu, si kwa bisibisi, ili pistoni isikwaruzwe.