Shahidi wa Bahari

Ukionja ndimu, msomaji, ulimi hukwambia mara moja kwamba ni kali. Lakini ulimi hauwezi kutaja ukali huo kwa hesabu, wala haukumbuki ndimu ya mwaka jana. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta kipimo.

Mwaka 1909 Søren Sørensen wa maabara ya Carlsberg, mjini Copenhagen, alitunga kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7. Asidi iko chini ya hapo, na kila hatua moja ni mara kumi. Mwaka uo huo Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walionyesha kuwa kioo chembamba sana, kikitiwa majini, hutoa umeme kwa kadiri ya asidi iliyomo. Lakini kioo hicho kilivunjika upesi, na umeme wake ulikuwa dhaifu mno. Mwaka 1934 Arnold Beckman wa California, akimsaidia rafiki yake aliyepima maji ya malimau, aliukuza umeme huo kwa vali kama zile za redio. Hivyo kioo imara zaidi kikafaa.

Je, kazi ilikwisha? La, hasha! Kupima mara moja ni jambo moja. Kupima usiku na mchana, mwaka hata mwaka, ni jambo jingine. Kioo huzeeka, na viumbe vidogo vya baharini huota juu yake. Pole pole chombo huanza kusema uongo, wala hakioni haya.

Nayo bahari yahitaji shahidi wa kweli. Moshi wa viwanda na magari yetu una hewa ya ukaa, ambayo huingia majini. Tangu viwanda vianze, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1, na siku hizi hushuka kwa kama 0.002 tu kila mwaka. Chombo kikipotoka kwa 0.01, kimekwisha kuficha habari za miaka mitano; na pH ikishuka, chaza na matumbawe hupata taabu kujijenga.

Mwaka 1970 Piet Bergveld wa Uholanzi alieleza kitambuzi cha silikoni kisichohitaji kioo hicho. Vya jamii hiyo sasa huzama vilindini pamoja na maboya ya uchunguzi. Vyombo vingine hutia rangi katika maji na kupima kwa mwanga jinsi inavyogeuka.

Hata hivyo, vyote hulinganishwa na maji yaliyopimwa kwa uangalifu. Kumbuka basi, msomaji: shahidi mwema ni yule akubaliye kuulizwa tena.