Kitanda cha Wafalme (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA: Agosti 22, 1485, Mfalme Richard III wa Uingereza aliuawa kwenye uwanja wa Bosworth akipigana na Henry Tudor. Maiti yake ilivuliwa nguo, ikatupwa juu ya farasi, ikapelekwa mjini Leicester na kuanikwa ili watu wamwone kwa macho yao. Kisha ikafukiwa haraka haraka katika kanisa la watawa wa Kifransisko. Mwaka 1538 nyumba ya watawa ilifungwa, baadaye ikabomolewa, na kaburi likapotea. Agosti 25, 2012, katapila likapasua lami ya maegesho ya magari ya idara ya ustawi wa jamii. Siku hiyo hiyo ya kwanza, katika mtaro wa kwanza, ukaonekana mfupa wa mguu.

SASA ENDELEA...

Mifupa ilifunikwa tena. Kule maiti haifukuliwi bila kibali cha serikali, hata iwe imelala ardhini zaidi ya miaka 500. Kibali kilipopatikana, mapema Septemba, Jo Appleby, mtaalamu wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Leicester, alivaa ovaroli jeupe na glavu, akaingia shimoni.

Kazi ikaanza kwa nuksi. Sururu ilitoboa fuvu. Hakutarajia kukuta kichwa juu kiasi kile, lakini kaburi lilikuwa fupi. Walioizika maiti hawakujisumbua kulipima, wakamlaza hivyo hivyo na kichwa kikabaki kimeegemea ukingo wa shimo. Jeneza halikuwepo. Mikono ilikuwa imepishana karibu na nyonga, kama ya mtu aliyefungwa kamba. Nyayo hazikuwepo kabisa.

Appleby akaendelea na brashi yake taratibu, akiufuata uti wa mgongo. Mahali ambapo pingili zilipaswa kupanda moja kwa moja, hazikupanda. Ziliondoka kwenda pembeni, zikapinda, kisha zikarudi. Kwa zaidi ya karne nne majukwaa ya tamthilia, Shakespeare akiwa mbele, yamemwonyesha Richard akiwa kibiongo. Huyu hakuwa na kibiongo. Alikuwa na uti uliopinda upande, bega moja likiwa juu ya jingine, kilema ambacho nguo zilizoshonwa vizuri zingeweza kukificha.

Majeraha ya karibu na saa ya kufa yalikuwa 11, na 9 kati ya hayo yalikuwa kichwani. Chini ya fuvu, kisogoni, silaha nzito yenye makali ilikata kipande cha mfupa kikaondoka chote. Na kwenye nyonga kulikuwa na alama ya kisu au panga lililoingia kwa nyuma, kupitia kwenye kalio. Mtu aliyevaa deraya hawezi kuchomwa pale. Msomaji, mkumbuke yule farasi. Huyu alichomwa akiwa uchi, tayari amekufa, na aliyemchoma alifanya hivyo kwa kumdhalilisha tu.

Umri: miaka ya mwanzo ya thelathini. Richard alikufa akiwa na miaka 32. Kila kitu kilielekea kwake. Lakini mifupa haina jina, na migongo iliyopinda ilikuwepo mingi. Wanasayansi walihitaji ndugu wa damu, aliye hai, atakayekubali kufungua kinywa apitishwe kijiti chenye pamba shavuni.

Ndugu huyo angetoka wapi? Mtoto pekee wa ndoa wa Richard, Edward, alikufa mwaka 1484 akiwa bado mdogo. Mkewe, Anne Neville, akafuata Machi 1485. Nyumba yake ilikuwa imefungwa hata kabla ya Bosworth.

*

Jibu lilikuwa limeanza kutafutwa miaka kadhaa nyuma, na aliyelitafuta hakuwa akimtafuta Richard. Mwanahistoria John Ashdown-Hill alikuwa ameombwa msaada kuhusu mifupa iliyopatikana Mechelen, Ubelgiji, iliyodhaniwa kuwa ya Margaret wa York, dada yake Richard. Ili kuijaribu ile mifupa alihitaji ukoo wa kuukeni.

Hapa tutulie kidogo, maana simulizi yote imefungwa kwenye fundo hili. Kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, amerithi vinasaba vya mitokondria kutoka kwa mama yake. Baba hana chake humo. Mama huwapa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu watakaovirithisha. Kwa mtoto wa kiume safari inaishia hapo. Kwa hiyo Richard na dada zake walikuwa navyo sawasawa, kutoka kwa mama yao, Cecily Neville. Ukimpata dada mmoja ambaye binti yake alizaa binti, naye akazaa binti, bila kukatika, mpaka leo, umempata shahidi.

Dada huyo alikuwa Anne wa York. Na maisha ya Anne, kwa maoni yangu, yanashinda tamthilia yoyote iliyoandikwa kumhusu kaka yake.

Alizaliwa mwaka 1439 upande wa York, waridi jeupe. Akaozwa akiwa mtoto kwa Henry Holland, Duke wa Exeter. Vita vya kugombea taji kati ya koo za York na Lancaster vilipozuka, mume akaenda kwa Lancaster, waridi jekundu, akapigana na baba mkwe na mashemeji zake. Desemba 1460 baba yake Anne aliuawa Wakefield, kichwa chake kikatundikwa kwenye lango la mji wa York kikiwa kimevishwa taji la karatasi. Mume wa Anne alikuwa miongoni mwa wakuu wa jeshi lililomuua.

Ndoa hiyo ilivunjwa mwaka 1472. Anne akaolewa na mtu aliyempenda, Thomas St Leger, akamzalia binti, naye akapewa jina Anne. Mama akafariki Januari 1476, binti akiwa bado kichanga.

Mwaka 1483 Richard akatwaa taji. St Leger akajiunga na waasi. Uasi ukashindwa, naye akakamatwa. Fedha nyingi zikaahidiwa ili aachiwe. Mfalme akakataa. Novemba mwaka huo, mjini Exeter, shemeji wa mfalme akakatwa kichwa.

Yatima aliyebaki, Anne St Leger, akakua, akaolewa, akazaa mabinti. Nao wakazaa mabinti. Ashdown-Hill aliufuata uzi ule kizazi kwa kizazi, majina ya ukoo yakibadilika kila harusi, mpaka ukavuka bahari na kutua Canada, kwa mwandishi wa habari mstaafu aitwaye Joy Ibsen. Joy alifariki mwaka 2008, miaka minne kabla lami haijapasuliwa. Lakini alikuwa na mwana, Michael, seremala wa samani mjini London.

Huyo Michael ndiye aliyesimama kwenye maegesho yale Leicester, kamera zikimkodolea, mtaalamu wa vinasaba Turi King akichukua sampuli kinywani mwake. Damu iliyotegemewa kumpa Richard jina lake ilipitia kwa yatima ambaye baba yake alikatwa kichwa na Richard.

Februari 4, 2013, chuo kikuu kikaita waandishi wa habari. Vinasaba vya mfupa na vya seremala vilikuwa vimelingana. Aliyelala chini ya magari alikuwa mfalme.

*

Simulizi nyingine zingeishia hapo, kwa mazishi. Mazishi yenyewe yalifanyika Machi 26, 2015, katika Kanisa Kuu la Leicester, na jeneza la mwaloni lilichongwa na Michael Ibsen kwa mikono yake. Lakini nimeruka mbele kwa makusudi, kwa sababu kati ya tangazo na mazishi kulitokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Turi King hakuridhika na kuukeni peke yake. Akataka na kuumeni.

Kromosomu Y huenda kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama vile jina la ukoo linavyokwenda. Richard alikuwa mzao wa Mfalme Edward III: kutoka kwa Edward kwenda kwa mwanawe Edmund wa Langley, kisha Richard, Earl wa Cambridge, kisha Richard, Duke wa York, kisha yeye. Upande wa York ukakatika. Ili kumpata mwanamume aliye hai wa ukoo huo ilibidi kupanda hadi kwa Edward III, kisha kushuka kwa mwana mwingine, John wa Gaunt.

John wa Gaunt ndiye chimbuko la Lancaster. Yaani ili kumthibitisha mfalme wa York, walikwenda kugonga mlango wa adui.

Mlango huo nao una kisa chake. Gaunt alikuwa na mwanamke, Katherine Swynford, mlezi wa mabinti zake. Akamzalia watoto nje ya ndoa, wakapewa jina la Beaufort. Mwaka 1396, wote wawili wakiwa watu wazima, alimuoa, na mwaka uliofuata bunge likawahalalisha watoto. Mwana mmoja, John Beaufort, akawa mzizi wa akina Beaufort waliopigania Lancaster katika vita vile, na Henry Tudor, yule aliyeshinda Bosworth, ni kilembwe wa Katherine kupitia kwake. Binti mmoja, Joan Beaufort, akaolewa na ukoo wa Neville na kumzaa Cecily. Na Cecily ndiye mama yake Richard.

Soma tena mstari huo. Richard alikuwa kitukuu wa Katherine. Vile vinasaba vya mitokondria alivyopimwa navyo vilikuwa vya mwanamke huyo huyo. Wanaume walioumana Bosworth walitoka tumbo moja.

Sasa kuumeni. Wanaume wa Beaufort walikwisha mwaka 1471 huko Tewkesbury, wa mwisho wao akikatwa kichwa baada ya vita. Aliyebaki alikuwa Charles, mtoto wa nje wa Henry Beaufort, aliyejiita Somerset. Kutoka kwake wakatoka madyuki wa Beaufort, wenye nyumba ya Badminton (ndiyo, ule mchezo wa kinyoya na raketi umepata jina lake pale). Wanaume watano walio hai, wazao wa Duke wa tano aliyefariki mwaka 1803, wakakubali kupimwa.

Majibu yalipokuja, wanne walifanana. Wa tano hakufanana na yeyote. Mahali fulani, katika vizazi vichache vya karibuni, baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa.

Hilo lingevumilika, hayo hutokea kwenye koo zote. Wakawachukua wale wanne waliokubaliana, wakawaweka kando ya Richard. Wanne walikuwa wa kundi la R1b. Richard alikuwa wa kundi G. Mtu na nduguye wa kuumeni hawawezi kuachana hivyo.

Wakarudia. Ikawa vile vile.

Desemba 2014 utafiti ukachapishwa. Kwa ushahidi wote ukiwekwa pamoja, uhakika kwamba mifupa ni ya Richard ulifika asilimia 99.999. Na katika kurasa hizo hizo ilikiriwa kwamba kati ya Richard na Duke wa tano kuna viungo 19 vya baba na mwana, na walau kimoja ni cha uongo.

Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na wafalme wa Ulaya walitawala kwa kanuni hiyo hiyo. Maabara haina adabu hiyo.

Kiungo kipi? Kama ni chini huko, baada ya Charles, ni aibu ya madyuki tu. Kama ni upande wa York, macho yanamwangukia Richard, Earl wa Cambridge, ambaye baba yake hakumtaja kwenye wosia, na ambaye mama yake, Isabella wa Castile, alisengenywa kwamba ana uhusiano na John Holland. Huyo Holland ni babu yake yule Henry Holland, mume wa kwanza wa Anne! Hata hivyo madai ya York kwenye kiti yalisimama zaidi kwa mke wa Earl huyo, Anne Mortimer, kwa hiyo yangeweza kuponea.

Lakini kama ni John wa Gaunt mwenyewe, basi Henry IV, Henry V na Henry VI walikalia kiti kisicho chao, na Tudor nyuma yao. Na uvumi ulikuwepo tangu enzi za uhai wake: kwamba hakuwa mwana wa mfalme, bali mtoto wa mchinja nyama wa Ghent, aliyebadilishwa akiwa mchanga.

Kaburi la Gaunt halipo. Liliangamia kwenye moto wa London mwaka 1666. Ila mwanawe, Henry IV, yupo Canterbury. Au ndivyo tulivyoambiwa. Kwa sababu kuna habari ya zamani kwamba maiti yake ilipokuwa ikisafirishwa kwa mashua kwenye mto Thames, dhoruba ilipiga, mabaharia wakaingiwa na hofu, wakaitupa majini, na jeneza likazikwa tupu.

Mwaka 1832 watu wachache waliamua kumaliza ubishi. Walifunua kaburi, wakaona sanduku la mbao, wakalikata kifuniko. Ndani kulikuwa na nyasi kavu, na juu yake msalaba wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa pamoja. Chini ya nyasi, risasi. Wakaikata risasi. Chini ya risasi, ngozi iliyozungushwa tabaka kwa tabaka, ikiwa bado na unyevu. Mmoja wao akaingiza vidole, akaanza kuifunua pale ambapo uso ulipaswa kuwa...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO