Wahusika wa Pembezoni: Usawiri katika Riwaya za Leseni za Bunilizi ya Kisayansi

Riwaya ya leseni huandikwa kwa idhini ya mwenye hakimiliki ya tamthilia ya televisheni, na hutumia wahusika, mandhari na historia ambavyo tamthilia hiyo imekwisha kuviunda. Mwandishi hulipwa ujira, hakimiliki hubaki kwa kampuni, na muhtasari pamoja na mswada wenyewe hupitiwa na ofisi ya mwenye mali kabla ya kwenda mtamboni. Katika bunilizi ya kisayansi, utanzu huu umezaa mamia ya vitabu tangu miaka ya 1960, hasa kutokana na Doctor Who ya Uingereza, iliyoanza kurushwa mwaka 1963, na Star Trek ya Marekani, iliyofuata mwaka 1966. Wahakiki wengi wameupita bila kuutazama, wakiuhesabu kuwa ni bidhaa ya soko tu. Kwa vitabu vingi hukumu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, wamo katika vitabu hivyo wahusika waliosawiriwa kwa kina ambacho riwaya huru nyingi hazikukifikia, na jambo hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa masharti ya kazi yenyewe yanaelekea kuuzuia usawiri wa namna hiyo.

Sharti zito kuliko yote ni kwamba shujaa hurudishwa alivyochukuliwa. Nahodha Kirk wa Star Trek akiingia ukurasa wa kwanza akiwa msimamizi wa chombo chake, ukurasa wa mwisho sharti umkute hapohapo, mzima, bila mke wala kilema, kwa sababu wiki ijayo huenda skrini ikamhitaji. E. M. Forster, katika mihadhara yake ya mwaka 1927 kuhusu riwaya, aliwatenga wahusika bapa na wahusika duara kwa kigezo cha uwezo wa kumshangaza msomaji kwa namna inayoaminika. Mhusika aliyekatazwa kubadilika ana nafasi finyu sana ya kumshangaza mtu. Kwa hiyo hutokea kinyume cha ajabu: mtu aliye duara kwenye skrini hugeuka bapa kitabuni, japo ni yuleyule.

Kikwazo cha pili hakimo katika mkataba wowote. Msomaji hufungua kitabu akiwa tayari na sura ya Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, na sauti ya William Shatner, mwigizaji wa Kirk, kichwani. Mwandishi mvivu hunufaika na hali hiyo: humfanya Spock ainue unyusi mmoja, humfanya daktari wa meli anung'unike, kisha huendelea na vituko vyake. Kumbukumbu ya msomaji imemfanyia kazi iliyokuwa yake. Vitabu vya mwanzo vya utanzu huu vilitegemea sana njia hiyo, na si haki kuvilaumu kupita kiasi, kwa kuwa lengo lake lilikuwa dogo. James Blish alianza mwaka 1967 kuvigeuza vipindi vya Star Trek kuwa hadithi fupi. Terrance Dicks, upande wa Doctor Who, alisimulia upya kwa maandishi zaidi ya visa 60. Mwanzoni hapakuwa na kaseti za video majumbani, na watoto wengi wa Uingereza walivijua visa vya zamani kwa kuvisoma.

Usawiri bora ulijitokeza pale waandishi walipowaacha mashujaa na kwenda pembezoni, kwa watu ambao skrini iliwaonyesha nusu tu. Mfano wa mapema ni Malcolm Hulke. Mwaka 1970 aliandika skripti ya kisa cha Doctor Who kuhusu viumbe wa jamii ya mijusi waliotawala dunia kabla ya binadamu na ambao, baada ya kulala mamilioni ya miaka mapangoni, wanaamka na kuikuta dunia yao imekaliwa. Orodha ya waigizaji iliwataja viumbe hao kwa umri na kazi tu: mzee, kijana, mwanasayansi. Hulke alipokigeuza kisa hicho kuwa riwaya mwaka 1974, kwa jina la Doctor Who and the Cave Monsters, aliwapa majina: Okdel, Morka na K'to. Kisha akafanya jambo kubwa zaidi. Riwaya haianzi kwa Daktari, shujaa wa tamthilia, wala kwa wanajeshi wanaomsaidia; inaanza kwa Okdel, siku watu wake wanapojiandaa kuingia chini ya ardhi kwa hofu ya sayari ndogo inayokaribia.

Athari ya ufunguzi huo hujitokeza kurasa nyingi baadaye. Okdel anampa Daktari sampuli ya vijidudu vya maradhi ili atafute tiba ya kuwaokoa binadamu, na kwa kosa hilo Morka anamuua. Kwenye televisheni tukio hilo ni ugomvi wa majitu mawili yaliyovaa mpira. Kitabuni anayekufa ni mtu mzima aliyeukumbuka ulimwengu wake ulipokuwa hai, naye anauawa na kijana ambaye hasira yake ina sababu. Hulke aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, na si vigumu kuona kwamba suala la nani mwenye ardhi na nani mvamizi halikuwa pambo kwake. Lakini siasa peke yake isingetosha. Kilichofanya kazi ni mbinu: mtazamo wa usimulizi ulihamishiwa kwa upande ambao kamera haikuwahi kukaa.

John M. Ford aliipeleka mbinu hiyo mbali zaidi katika The Final Reflection ya mwaka 1984. Waklingoni wa Star Trek ya miaka ya 1960 walikuwa maadui wa kawaida, wakali na wenye hila. Ford alimchukua yatima mmoja wa Kiklingoni, Krenn, akamkuza kutoka mchezaji wa aina ya sataranji inayochezwa kwa watu hai hadi kuwa nahodha anayepaswa kumsindikiza balozi wa kibinadamu. Kirk na Spock wamo katika fremu ya kitabu tu, wakiwa wasomaji wa riwaya hiyo kana kwamba imechapishwa katika ulimwengu wao. Krenn hafanywi mwema ili apendwe. Anafikiri kwa mantiki ya mchezo, ambamo maisha na dola ni hatua za ubao mmoja, na msomaji huanza kuielewa mantiki hiyo kabla hajaamua kama anaikubali. Mwaka huohuo Diane Duane, katika My Enemy, My Ally, alimsawiri Ael, kamanda wa Waromulani, maadui wengine wa Star Trek, kwa namna inayokaribia hiyo, ingawa Ael anapendeza upesi mno na kwa hiyo anashangaza kidogo zaidi kuliko Krenn.

Pembezoni pengine penye rutuba zaidi ni pa mtu aliyepita skrini mara moja na kusahauliwa. Mwaka 1993 Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek inayohusu kituo cha angani karibu na sayari ya Bajor, ilirusha kipindi kuhusu mvulana aitwaye Rugal. Wakadashia walikuwa wameitawala Bajor kimabavu kwa muda mrefu na, walipoondoka, waliacha nyuma mayatima. Rugal amehesabiwa kuwa mmoja wao, Mkadashia wa damu aliyelelewa na wazazi wa Kibajora na kuichukia asili yake. Baba yake mzazi anapatikana, na kamanda wa kituo anaamua mvulana arudishwe Cardassia. Kipindi kinaisha hapo. Uamuzi uliotolewa kwa dakika chache ungeharibu au kujenga maisha ya mtoto, lakini wiki iliyofuata kituo kilikuwa na shughuli nyingine.

Una McCormack alilichukua deni hilo katika The Never-Ending Sacrifice ya mwaka 2009. Riwaya inamfuata Rugal tangu anapoondoka kituoni hadi utu uzima wake. Anaipitia miaka ambayo watazamaji walikwisha kuijua: kuanguka kwa utawala wa kijeshi wa Cardassia, muungano wake na dola kubwa ya kigeni, kisha maangamizi ya mwisho wa vita. Tofauti ni kwamba televisheni iliyaonyesha hayo kutoka chumba cha makamanda, ilhali riwaya inayaonyesha kwa macho ya kijana asiye na kauli katika uamuzi wowote. Rugal hakubali upesi kuwa Mkadashia, wala hajidanganyi kwamba bado ni Mbajora. Mwandishi hamharakishi. Mabadiliko ya Rugal hayaletwi na tukio moja la kishujaa. Yanaletwa na miaka, mazoea, watu anaowapoteza na wajibu anaojikuta nao bila kuutafuta.

Jina la kitabu lenyewe ni sehemu ya hoja. Katika kipindi cha Deep Space Nine cha mwaka 1994 limetajwa kuwa ni jina la riwaya mashuhuri ya Kikadashia inayosifu ukoo unaoitumikia dola kizazi baada ya kizazi. McCormack amelitwaa jina hilo na kuligeuza: kwake, sadaka isiyokoma ni ile inayotozwa watu wadogo na wakubwa wasioilipa. Ni kejeli ambayo msomaji asiyeijua tamthilia anaweza kuikosa, na huu ni udhaifu wa kweli wa utanzu mzima, kwamba sehemu ya maana yake iko nje ya jalada.

Andrew J. Robinson alikuwa na njia isiyopatikana kwa mwandishi mwingine, kwa kuwa ndiye aliyemwigiza Garak, fundi cherehani wa kituo hichohicho aliyewahi kuwa jasusi. Ili kumwelewa mhusika wake alikuwa akimwandikia shajara, na shajara hiyo ikakua kuwa A Stitch in Time, iliyochapishwa mwaka 2000, mara tu baada ya tamthilia kukoma. Riwaya ni barua ndefu ya nafsi ya kwanza ambayo Garak anamwandikia rafiki yake daktari. Televisheni ilimchora Garak kama mwongo mwenye haiba. Kitabu kinamfanya mwongo huyo aandike ukweli, akiwa kati ya magofu ya mji wake, na kila ukurasa msomaji hubaki na shaka kama kweli ameacha uongo. Kina hicho kisingepatikana tamthilia ikiwa bado hewani. Mwisho wake uliilegeza kamba.

Hoja hiyo inathibitishwa na Doctor Who. BBC ilisimamisha utengenezaji wake mwaka 1989, na kuanzia 1991 hadi 1997 kampuni ya Virgin ilichapisha riwaya mpya kabisa. Kwa kuwa hapakuwa na skrini ya kulindwa, hata Daktari mwenyewe alipata ruhusa ya kubadilika. Paul Cornell alimbuni Bernice Summerfield katika Love and War ya mwaka 1992, mwanaakiolojia anayejiita profesa bila kustahili na ambaye huyafunika maingizo ya zamani ya shajara yake kwa karatasi za kubandika, akijiandikia upya yaliyopita. Tabia hiyo ndogo inamweleza kuliko aya nzima ya wasifu. Katika Human Nature ya mwaka 1995, Cornell alimfanya Daktari kuwa mwalimu wa kibinadamu nchini Uingereza mwaka 1914, asiyejijua, anayependa na kupendwa. Tamthilia iliyofufuliwa iliitumia riwaya hiyo mwaka 2007 kwa badiliko moja la kupimwa kwa makini. Kwenye skrini Daktari anakuwa binadamu ili kuwakimbia maadui. Kitabuni alikuwa ameamua mwenyewe ili aonje maisha ya binadamu. Kisa cha skrini kinasukumwa na hatari, na kisa cha kitabu kinasukumwa na tabia. Wanaopima ubora wa usawiri wana haki ya kukipendelea kitabu.

Uhura wa Star Trek anaonyesha ushindi na kushindwa kwa pamoja. Ofisa huyu wa mawasiliano, Mwafrika ambaye tamthilia ilimwonyesha akisema Kiswahili katika vipindi vya mwaka 1966 na 1967, hakupewa hata kipindi kimoja cha kwake katika misimu mitatu. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitokana na kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, na filamu zikalipokea mwaka 2009. Mwaka 1985 Janet Kagan aliandika Uhura's Song, ambamo uimbaji, uliokuwa pambo kwenye skrini, unakuwa njia ya Uhura ya kufikiri. Nyimbo alizobadilishana na rafiki yake wa jamii ya viumbe wanaofanana na paka ndizo zinazobeba fununu ya kuponya tauni. Ni wazo zuri sana. Bahati mbaya Kagan alimbuni pia daktari aitwaye Evan Wilson, mcheshi, shupavu na mwenye jibu la kila swali, ambaye polepole anamsukuma Uhura kando ya kitabu chenye jina lake. Mashabiki walikuwa na jina la mhusika wa aina hiyo tangu mwaka 1973, Paula Smith alipomkejeli katika kisa kifupi cha msichana mkamilifu aitwaye Mary Sue. Wilson ana uhai kuliko Mary Sue, lakini hakuna mtu kitabuni anayempinga kwa sababu ya maana, na mhusika asiyepingwa huishiwa upesi na mambo ya kuonyesha.

Mwenye hakimiliki hubaki na neno la mwisho. Waklingoni wa Ford walitenguliwa na tamthilia mpya ya Star Trek iliyoanza mwaka 1987, ikawapa utamaduni mwingine kabisa. Mfululizo wa riwaya uliokuwa umeendeleza visa vya Star Trek kwa karibu miaka 20 ulifungwa mwaka 2021 kwa vitabu vitatu vya Coda, kwa kuwa televisheni ilikuwa imerudi kwa wahusika walewale na kuwapa maisha tofauti. Waliotenguliwa zaidi ni manahodha na mashujaa. Deep Space Nine haikumrudia tena Rugal baada ya kipindi chake kimoja, na habari za maisha yake hadi sasa ni zile alizoandikiwa na McCormack.