Mgeni Ndiye Ukuta: Tamthilia ya Familia ya Sikukuu na Ua wa Karagwe

Henrik Ibsen, katika tamthilia yake mashuhuri ya mwaka 1879 juu ya Nora na mumewe, aliiweka familia ya tabaka la kati ndani ya sebule moja katika siku za Krismasi, akaukamilisha mchezo kwa kishindo cha mlango; na watunzi wa Magharibi waliomfuata katika maudhui hayo, tangu Thornton Wilder, ambaye mwaka 1931 aliipitisha miaka tisini ya ukoo mmoja juu ya meza moja ya chakula cha Krismasi, hata Stephen Karam, ambaye tamthilia yake The Humans, ya jamaa wanaokutana kula Sikukuu ya Shukrani nyumbani kwa binti yao mjini New York, ilipata tuzo ya Tony mwaka 2016, aghalabu hawakuiacha kanuni moja, nayo ni kwamba siri ya jamaa haitoki ila watu wa nje wawe hawapo. Makala haya yanadai kuwa kanuni hiyo haimfai mtunzi atakayeiandika tamthilia ya sikukuu ya Karagwe na Kyerwa, kwa sababu huko mlango u wazi mchana kutwa, na kinachoizuia siri isitoke si ukuta bali ni mgeni.

Wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, Tanzania, zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, zina tabaka la kati la walimu, wauguzi, makarani wa ushirika na wafanyabiashara wa kahawa, pamoja na watoto wao walioajiriwa Mwanza na Dar es Salaam, ambao Desemba ikiwadia huiandama njia ndefu ya Kyaka hata wakafika Omurushaka na Kayanga, wakiwa na zawadi mkononi na hesabu za mwaka moyoni. Mizigo haijashushwa yote, jirani amekwisha fika. Hupewa kiti, hupewa kahawa ya kutafuna, kisha hutiliwa rubisi. Naye hajaaga, wa pili anabisha hodi. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini katika nyumba yenye jambo zito mgeni huiahirisha ponya hiyo, maana mbele yake kaka na dada waliokosana hucheka pamoja, na baba aliyekasirika husimulia habari za mvua. Kadiri wageni wanavyozidi, ndivyo kimya cha wenyeji kinavyozidi kina, ijapokuwa ua mzima unavuma kwa mazungumzo.

Na jambo lenyewe ni lipi? Aghalabu ni kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo. Migomba inayoizunguka nyumba si mapambo ya nyuma ya jukwaa, kwani ndiyo chakula, ndiyo urithi, na ndimo walimolazwa wafu. Katika mchezo wa Wilder milango ilikuwa miwili, mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa kufa, na aliyetoka kwa ule wa pili hakurejea; Karagwe babu hakutoka, yupo hatua chache tu nyuma ya jiko, na kuliuza shamba ni kumuuza naye. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo aliyoirithi lakini likamkataza kuiuza. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoa huu huu wa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kuwa ubaguzi huo hauafikiani na haki zilizomo katika Katiba. Hukumu ilitoka, ila ukoo hauishi mahakamani, na binti mwenye mshahara wake anayeketi uani siku ya Krismasi anajua kwamba swali lake lingali halijajibiwa na baba.

Fasihi yetu haikosi misingi ya kazi hii. Ebrahim Hussein alizipambanisha familia za matabaka mawili katika Mashetani (1971), na katika Kwenye Ukingo wa Thim (1988) akaugeuza kuwa tamthilia ugomvi wa maziko ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyezikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987 baada ya miezi ya kesi baina ya mjane na ukoo. Lakini msiba huwalazimisha watu kusema, ilhali sikukuu huwalazimisha kunyamaza, na fani ya kunyamaza mbele ya watu bado hatujaitunga ipasavyo. Zana tunazo: Penina Muhando alimleta Bi Msimulizi jukwaani katika Nguzo Mama (1982), na huku Kagera mwimbaji wa enanga (ala ya nyuzi), ambaye M. M. Mulokozi alizichunguza tenzi zake kwa makini, tangu kale hutumbuiza hadhira iliyo karibu naye, inayomwitikia. Hadhira yetu, basi, haina haja ya kujifanya inachungulia kwa tundu. Na iketishwe uani, ipewe nafasi ya majirani, ili itambue katikati ya mchezo kwamba kuwapo kwake ndiko kunakoifunga midomo ya wenyeji.

Patakuwa na atakayepinga kwamba uchungu wa tabaka la kati ni wa faragha, na kwamba kuutoa uani ni kuupunguzia makali. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mila yenyewe imemwandalia mtunzi faragha yake, nayo ni kusindikiza. Mgeni akiaga, mwenyeji huinuka kumtoa hata njiani, na katika dakika hizo chache kabla wa pili hajafika, waliobaki uani husemezana yote waliyoyazuia tangu asubuhi, kwa haraka na kwa sauti ya chini, masikio yakiwa njiani. Sijui sebule iwezayo kuyabana maneno kuliko hivyo.

Kwa hiyo tamthilia hii haihitaji kishindo cha mlango. Na iishe asubuhi ya safari, mikungu ya ndizi imekwisha pakiwa na senene zimekwisha fungwa, binti akiaga pasipo kupata jibu, na baba, mbele ya majirani wote, akiinuka kwa taadhima kumsindikiza hadi barabarani. Ni heshima kubwa, ila binti atakuwa ameshajibiwa, kwani siku zote za sikukuu hadhira imeona ni nani asindikizwaye katika ua ule.